Shotigani au raifali kwa kuwinda kulungu Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa ndugu zetu wanaoishi Marekani, hasa Iowa, Illinois, Ohio, Kentucky na Maine, wanaotaka kuwinda kulungu wa mkia mweupe kwa mara ya kwanza. Wengi huanzia dukani, wakanunua bunduki nzuri, kisha wakagundua kwamba jimbo lao haliiruhusu. Nakuomba usome majibu matatu ya mwanzo kabla ya kutoa hata dola moja.

Tofauti ya hizi bunduki mbili ni ipi hasa?

Tofauti iko ndani ya mtutu. Mtutu wa raifali umechongwa mifuo inayojizungusha kutoka nyuma hadi mdomoni. Risasi ikipita humo inatoka inazunguka kama pia, na mzunguko huo ndio unaoifanya iende sawa hadi mbali. Mtutu wa shotigani kwa asili ni laini. Ulitengenezwa kurusha marisau mengi kwa pamoja, kwa ndege na wanyama wadogo. Kwa kulungu, badala ya marisau unatia slagi, yaani donge moja zito.

Slagi ya kawaida ya geji 12 ina gramu 28 hivi na hutoka mtutuni kwa karibu mita 490 kwa sekunde. Risasi ya .30-06, ambayo ipo tangu 1906 na bado inauzwa kila mahali, ina gramu 10 hivi tu, lakini hutoka kwa karibu mita 880 kwa sekunde. Kwa hiyo ya kwanza ni nzito na ya polepole, ya pili nyepesi na ya kasi. Karibu kila ninachoeleza hapa chini kinatokana na jambo hilo.

Jambo moja huwachanganya wanaoanza: geji 12 ni kubwa kuliko geji 20. Namba hiyo inahesabu ni madonge mangapi ya madini ya risasi yenye upana wa mtutu yanayotimiza ratili moja. Madonge yakiwa madogo, ndivyo yanavyohitajika mengi.

Kwa nini baadhi ya majimbo yanakataza raifali kwa kulungu?

Chukua Iowa au kaskazini ya Illinois. Nchi ni tambarare, mahindi na soya vimeshavunwa kufikia Desemba, na nyumba za wakulima zimetawanyika huku na huko. Risasi ya raifali iliyokosa mnyama haina mlima wa kuizuia. Watunga sheria waliona slagi, kwa kuwa ni nzito na hupungua kasi haraka, ingeanguka mapema. Ndiyo sababu kwa miaka mingi msimu wa bunduki huko umeitwa msimu wa shotigani, na hadi leo watu wanauita hivyo.

Massachusetts na New Jersey nazo zinakataza raifali kwa kulungu. Huko sababu kubwa ni wingi wa watu na ukaribu wa nyumba na misitu.

Basi ni kweli kwamba shotigani ni salama zaidi?

Hapa naomba utulie na usome polepole, maana nimesikia watu wazima wenye uzoefu wakisema, "Ni slagi tu, haifiki mbali." Inafika mbali.

Pennsylvania walilipima jambo hili. Bunge la jimbo liliagiza uchunguzi, na ripoti ikatoka mwaka 2007. Walilinganisha raifali ya .30-06, shotigani ya geji 12 yenye slagi, na gobore la kisasa. Bunduki ikielekezwa juu kwa makosa, kwa pembe ya nyuzi 35, raifali ilipeleka risasi karibu futi 13,900, zaidi ya kilomita 4. Slagi ilikwenda karibu futi 10,400, yaani zaidi ya kilomita 3. Hapo shotigani ina nafuu, lakini kilomita 3 si umbali wa kuutegemea kwa usalama wa mtoto wa jirani.

Kilichowashangaza wengi ni sehemu ya pili. Bunduki ikifyatuliwa sawa na ardhi, kama mwindaji anavyofanya mara nyingi, risasi inagonga chini, inadunda na kuendelea. Ukihesabu mdundo huo, slagi ilikwenda zaidi ya futi 5,200 na raifali karibu futi 4,800. Slagi ilitangulia. Risasi nyepesi ya raifali hupoteza nguvu nyingi zaidi inapogonga ardhi, ilhali donge zito la slagi hudunda na kuendelea na safari.

Hivyo bunduki uliyoshika haikupi usalama wowote. Usalama unatoka kwenye ardhi iliyo nyuma ya mnyama. Kulungu akisimama juu ya tuta, na nyuma yake kuna anga tupu, usifyatue, iwe slagi au raifali. Akisimama bondeni, na nyuma yake kuna mteremko wa udongo, hapo risasi ina mahali pa kufia. Kukaa kwenye jukwaa la mtini kunasaidia sana kwa sababu unapiga kuelekea chini. Jifunge mkanda wa usalama muda wote ukiwa juu.

Nasikia kuna raifali zinazoruhusiwa hata kwenye majimbo ya shotigani. Ni zipi?

Ndiyo, na kwa maoni yangu ndizo zilizobadilisha mjadala mzima. Raifali nyingi za kulungu hutumia risasi zenye ganda pana lililobanwa shingoni: baruti nyingi nyuma, risasi nyembamba mbele, kasi kubwa. Zipo pia risasi zenye ganda lililonyooka bila shingo. Baruti yake ni kidogo, kasi ni ya wastani, na masafa yake yanakaribiana na slagi bora. Ya zamani inayojulikana sana ni .45-70, ya mwaka 1873. Ya kisasa iliyoenea ni .350 Legend, iliyotoka 2019, ambayo risasi yake hutoka kwa karibu mita 700 kwa sekunde.

Ohio ilizikubali mwaka 2014, na Iowa ikaanza kuzikubali miaka michache baadaye. Illinois ilizifungulia mlango mwaka 2023, kwa sharti kwamba raifali iwe ya kupakia risasi moja moja. Ukienda kununua, usiishie kuuliza "ganda lililonyooka?" Majimbo hutofautiana pia katika upana wa risasi unaoruhusiwa na msimu ambao unaweza kuitumia.

Mimi niko jimbo fulani. Nichukue ipi?

Kentucky, wakiwamo Wakongomani wengi wa Louisville, raifali za kawaida zinaruhusiwa katika msimu wa bunduki za kisasa. Texas na Idaho vivyo hivyo. Idaho, ambako kulungu anaweza kuonekana ng'ambo ya bonde, raifali ndiyo inayofaa. Maine inaruhusu raifali sehemu kubwa ya jimbo, ila ipo miji inayotaka shotigani tu, kwa hiyo mtu wa Lewiston au Portland aangalie mji anaokwenda kuwinda. Pennsylvania inaruhusu raifali, isipokuwa maeneo maalumu yanayozunguka Philadelphia na Pittsburgh.

Iowa na Illinois, chagua kati ya shotigani ya slagi na raifali ya ganda lililonyooka.

Sheria hizi hubadilika. Minnesota, kwa mfano, iliamua mpaka wake wa zamani wa ukanda wa shotigani uondoke kuanzia 2026, huku kaunti zikiachiwa nafasi ya kubaki na sharti la shotigani. Idara ya maliasili ya jimbo lako hutoa kijitabu kila mwaka, bure. Cha mwaka jana kitupe.

Kulungu hupigwa kutoka umbali gani?

Kwenye misitu ya mashariki na ya kati, mara nyingi ni chini ya yadi 100, na wengi huanguka chini ya yadi 50. Miti yenyewe hairuhusu uone mbali zaidi. Kwa umbali huo slagi inatosha kabisa, na anayekuambia huwezi kuwinda bila raifali ya masafa marefu anakuuzia kitu.

Slagi ya kawaida kutoka mtutu laini, jiwekee mpaka wa yadi 75. Slagi ya saboti (risasi nyembamba iliyovalishwa plastiki, nitaieleza chini) kutoka shotigani yenye mtutu wa mifuo inafika yadi 150 mikononi mwa aliyefanya mazoezi. Raifali ya .308 au .270 inafika yadi 300, lakini swali ni kama wewe unafika. Sehemu ya kulungu yenye moyo na mapafu, nyuma kidogo ya bega, ina upana wa takriban inchi 8. Ukikosa sehemu hiyo unamjeruhi mnyama anayekwenda kufia vichakani baada ya mateso ya saa nyingi. Hilo linaniuma kuliko kurudi mikono mitupu, na ningependa likuume na wewe.

Naweza kutumia marisau makubwa badala ya slagi?

Majimbo mengi ya kati yanakataza. Baadhi ya majimbo ya kusini yanaruhusu. Hata panaporuhusiwa, baada ya yadi 40 marisau yametawanyika, na kulungu anaondoka na mawili tumboni. Sipendekezi.

Mtutu laini au wenye mifuo? Slagi zenyewe ziko aina ngapi?

Hapa pesa nyingi hupotea bure. Kuna slagi nzima, kama ile ya Mjerumani Wilhelm Brenneke ya mwaka 1898 na ile ya Mmarekani Karl Foster ya mwaka 1931. Uzito wake uko mbele, hivyo huenda sawa hata bila kuzunguka. Hizo ni za mtutu laini, na choki, yaani mbano wa mdomoni mwa mtutu, iwe ya wazi, wala si ya kubana.

Kisha kuna saboti: risasi nyembamba iliyovalishwa vazi la plastiki linalodondoka baada ya kutoka mtutuni. Hiyo inahitaji mifuo ili izunguke. Ukiitia kwenye mtutu laini, umelipa bei kubwa kwa risasi inayoyumba. Tazama mtutu wako kwanza, kisha boksi la slagi.

Nyumba yenye shotigani mbili za geji tofauti inahitaji nidhamu. Risasi ya geji 20 ikitiwa kimakosa kwenye geji 12 huteleza na kukwama ndani ya mtutu bila kuonekana. Ukitia ya geji 12 nyuma yake na kufyatua, mtutu unapasuka karibu na mkono wako. Ndiyo maana risasi za geji 20 hutengenezwa za rangi ya njano. Usibebe geji mbili kwenye koti moja.

Mimi ni mwembamba, au ni mke wangu anayetaka kujifunza. Teke la bunduki je?

Slagi ya geji 12 inapiga bega kwa nguvu, zaidi ya .30-06 ambayo nayo si laini. Mtu aliyepigwa bega mara tatu siku ya kwanza huanza kufumba macho kabla ya kufyatua, na tabia hiyo ni ngumu kuiondoa. Kwa mwanamke mwenye umbo dogo, kijana, au mwanamume yeyote asiye na sababu ya kujionyesha, chaguo langu ni geji 20 yenye mtutu wa mifuo au .350 Legend. Mahali raifali zote zinaporuhusiwa, .243 ina teke dogo sana na bado inamwangusha kulungu vizuri.

Kitako cha bunduki nacho kipimwe. Bunduki nyingi za dukani ni ndefu mno kwa mikono ya watu wafupi. Mwulize fundi akupunguzie, au ununue iliyotengenezwa kwa ajili ya vijana.

Mimi si raia wa Marekani. Ninaruhusiwa kushika bunduki?

Hili ni zito kuliko suala la bunduki ipi. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaruhusiwa na sheria ya shirikisho. Asiye na hati haruhusiwi, hata kuazima kwa rafiki kwa asubuhi moja. Mwenye viza ya muda, kama mwanafunzi, kwa kawaida hawezi, ingawa sheria ina msamaha kwa aliye na leseni halali ya uwindaji. Kama wewe ni mkimbizi, mwombaji hifadhi, au kesi yako bado inaendelea, zungumza na wakili wa uhamiaji kabla ya kugusa bunduki yoyote. Usimsikilize muuza duka wala mimi.

Ukinunua kwa muuzaji mwenye leseni utajaza fomu 4473, fomu ya shirikisho ya kununua bunduki. Usiweke alama kwamba wewe ni raia kama si raia, hata kwa kutoelewa Kiingereza. Kosa hilo linaweza kuharibu maisha yako yote hapa. Omba mtu akusomee. Aliyewahi kuhukumiwa kwa ukatili wa nyumbani, hata kosa dogo, amekatazwa. Anayetumia bangi naye asidhani kuwa yuko salama kwa sababu jimbo lake limeiruhusu. Fomu ni ya shirikisho.

Majimbo pia yana yake. Illinois wanataka kadi ya FOID, yaani kitambulisho cha mmiliki wa bunduki, kabla hujamiliki bunduki au risasi. Iowa wanataka cheti cha mafunzo ya uwindaji kwa kila aliyezaliwa baada ya Januari 1, 1972.

Je, nyama ya kulungu aliyepigwa kwa slagi ni halali?

Waislamu wengi huniuliza, na linahusu moja kwa moja uchaguzi wa bunduki. Adiy bin Hatim (r.a.) alimwuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu mnyama aliyepigwa kwa kijiti cha kurusha. Alijibiwa kwamba aliyepigwa kwa ncha ikapenya aliwe, na aliyepigwa kwa ubapa akafa kwa kipigo asiliwe. Wanazuoni wengi wa zama hizi wanaikubali risasi ya bunduki kwa sababu inapenya. Slagi ni butu ukiitazama, lakini kwa kasi yake inapenya mwili wa kulungu, mara nyingi hadi upande wa pili. Wapo wanaotaka tahadhari zaidi, kwa hiyo mwulize sheikh unayemwamini kabla ya msimu.

Taja jina la Mwenyezi Mungu kabla ya kufyatua. Ukimkuta yu hai, achinjwe, lakini hakikisha kwanza kwamba jimbo lako linaruhusu kummaliza mnyama kwa kisu, na umwendee kwa tahadhari maana kwato zake hujeruhi. Akianguka mtoni akafia majini, hujui kilichomwua ni nini, na hadithi inasema usimle.

Nimesikia risasi zinaacha sumu kwenye nyama. Kweli?

Kweli. Risasi ya kasi yenye kiini cha madini ya risasi hupasuka ndani ya mnyama, na vipande vidogo visivyoonekana kwa macho husambaa mbali na jeraha. Mwaka 2008 jimbo la North Dakota lilizishauri benki za chakula zisigawe nyama ya kulungu iliyotolewa na wawindaji baada ya vipande hivyo kugunduliwa. Slagi, kwa kuwa ni ya polepole, kwa kawaida haivunjiki sana kama hiyo.

Nyumba yenye watoto wadogo au mjamzito, nunua risasi za shaba tupu, zinapatikana kwa raifali na kwa saboti. Ni ghali kidogo. California imelazimisha risasi zisizo na madini ya risasi kwa uwindaji wote tangu Julai 2019. Kwa vyovyote, kata na utupe nyama yote iliyo karibu na jeraha.

Nina pesa ya bunduki moja tu.

Shotigani ya kukoki kwa mkono, kama Remington 870 au Mossberg 500, inayouzwa na mitutu miwili. Mtutu wa mifuo kwa kulungu, mtutu laini kwa bata mzinga, bata maji na sungura. Raifali haitakupa hayo. Kama unajua utawinda kulungu peke yake, na uko Iowa au Ohio, raifali ya .350 Legend ya risasi moja ni rahisi kupiga nayo vizuri.

Tulikimbia vita. Mke wangu hataki kuona bunduki nyumbani.

Dada huyo ana haki, na usimshinde kwa hoja. Familia nyingi zilizotoka Kivu au Burundi zinaijua bunduki kwa sura moja tu. Unaweza kuwinda kwa upinde, ambao una msimu wake mrefu. Au mwenzako unayemwamini aiweke bunduki kwake, ikiwa sheria ya jimbo inaruhusu. Ikiwa itakaa nyumbani, iwe ndani ya kabati la chuma lenye kufuli, bila risasi, risasi zikiwa na kufuli yake, na funguo zisijulikane na watoto.

Naweza kuwauzia wenzangu nyama?

Hapana. Kuuza nyama ya kulungu wa porini ni kosa. Kumgawia jirani bure kunaruhusiwa, kwa kufuata kanuni za jimbo.

Nianze mazoezi lini, na nitajuaje kwamba niko tayari?

Anza Agosti. Nenda kwenye uwanja wa kulenga na boksi mbili za risasi zilezile utakazowinda nazo, maana bunduki moja hupiga tofauti kwa kila aina. Lenga kwanza kwa yadi 25, rekebisha darubini, kisha sogea 50, kisha 100. Ukishamaliza kwenye benchi, simama au kaa kama utakavyokuwa porini, ukivaa koti lako la baridi na la rangi ya chungwa. Weka sahani ya karatasi ya inchi 8 na upige risasi tano. Sogeza sahani mbali hadi risasi moja itoke nje, kisha punguza umbali huo kwa yadi 25. Umbali unaobaki uandike kwenye kitako kwa tepu, na kulungu akisimama mbali zaidi ya hapo, mwache apite.